Utatuzi wa Matatizo: Kufuatilia Misitu ya Mikoko kwa Picha za Setilaiti

Mwongozo huu umeandikwa kwa vikundi vya uhifadhi vya vijijini, maofisa misitu na wanafunzi wanaotumia picha za bure za setilaiti za Landsat na Sentinel-2, ama kwa programu ya ramani ya QGIS ama kwa Google Earth Engine (huduma ya mtandaoni ya kuchakata picha), ili kujua mikoko ya pwani yetu inapotea wapi na inarudi wapi. Umepangwa kwa dalili zinazoripotiwa mara kwa mara. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea zaidi kimetangulizwa, na ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya marekebisho mazito.

Kanuni inayoongoza ukaguzi wote ni kwamba badiliko lisiitwe ukataji kabla ya kuhakikisha kwamba halikuletwa na maji, wingu au kihisi (chombo cha setilaiti kinachopiga picha), kwa mpangilio huohuo. Setilaiti huona maji kwa wepesi mkubwa kuliko inavyoona panga, na ramani nyingi zilizowahi kuzua ugomvi kati ya kijiji na ofisi ya misitu zilikuwa, kwa kweli, ramani za maji kujaa na kupwa.

Dalili: msitu unapungua katika picha moja na kuongezeka katika picha inayofuata

Dalili hii hujitokeza kwenye ukingo unaotazama bahari, mahali pa mililana (aina ya mikoko iotayo karibu zaidi na bahari), na kandokando ya vijito vyenye miche michanga. Hekta kadhaa hutoweka, kisha hurudi baada ya wiki chache bila mtu kupanda wala kukata chochote.

Kisababishi cha kwanza, tena kwa mbali, ni kimo cha maji wakati picha ilipopigwa. Landsat na Sentinel-2 hupita juu ya pwani ya Afrika Mashariki karibu saa ileile kila mara, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Bahari nayo ina saa zake: siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji huwa yamepwa kabisa kwenye saa hizohizo za asubuhi, ilhali siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, setilaiti huyakuta yamejaa, ingawa si kwa kimo cha bamvua. Picha mbili zilizopishana kwa wiki moja zinaweza basi kuonyesha pwani mbili tofauti. Mombasa na Unguja, tofauti kati ya kupwa na kujaa siku za bamvua hukaribia mita 4, kiasi kinachotosha kufunika miche yote na matawi ya chini ya miti mikubwa. Ijulikane pia kwamba kujaa kwenyewe kwa bamvua hutokea alasiri na alfajiri, kwa hiyo setilaiti hizi hazikioni kamwe kimo cha juu kabisa cha maji.

Tatizo hili huwa gumu zaidi kwa sababu linaweza kujifanya mwelekeo. Landsat moja hurudi mahali palepale kila baada ya siku 16, na mzunguko wa bamvua huchukua chini kidogo ya siku 15. Tofauti hiyo ndogo huifanya kila picha isogee kidogo kuelekea kimo kingine cha maji, hivi kwamba kwa takriban miezi mitatu mfululizo picha hutoka kwenye maji yaliyopwa hadi kwenye maji yaliyojaa, kisha hurudi. Anayechora grafu ya miezi hiyo mitatu ataona msitu ukididimia taratibu, naye ataamini anachokiona.

Anza kwa kuandika tarehe na saa ya kila picha, na kuikumbuka tofauti ya saa tatu kati ya saa za kimataifa zilizo kwenye taarifa za picha na saa zetu. Fungua jedwali la maji la bandari ya Kilindini au Dar es Salaam na uandike kimo cha maji kando ya kila tarehe. Ikiwa uko ndani ya hori refu, kumbuka kwamba maji huchelewa kufika kule juu, na usilitumie jedwali la bandarini kana kwamba lilitungwa kwa ajili yako. Kwa kawaida ukaguzi huu peke yake huutibu ugonjwa huu.

Ikiwa bado tatizo lipo, linganisha picha za kimo kimoja cha maji tu, hata kama utabaki na picha chache kwa mwaka. Mediani, yaani thamani ya katikati, ya picha za mwaka mzima husaidia, mradi picha safi ziwe nyingi na zenye vimo mbalimbali. Mediani ya picha tano zilizopigwa zote maji yakiwa yamejaa haina faida. Unapotenga maji kwa kielezo (hesabu inayolinganisha rangi za picha) cha MNDWI, weka kikomo kinachofaa maji yenye matope ya mtoni, kwa maana kikomo kilichonakiliwa kutoka bahari safi ya visiwani kitashindwa katika delta ya Rufiji.

*Acha na uite mtaalamu* iwapo ukingo unarudi nyuma kwa miaka mitatu au zaidi hata baada ya kulinganisha picha za kimo kimoja. Huo huenda ni mmomonyoko au kuhama kwa mchanga, na chanzo chake kinahitaji mtu anayejua mwenendo wa mawimbi na mashapo.

Dalili: mwaka mmoja unaonyesha upotevu mkubwa kila mahali kwa pamoja

Msitu haupotei kwa kiwango kimoja kutoka Kiunga hadi Mtwara kwa mwezi mmoja. Ukiona hivyo, shuku hesabu.

Kwa watumiaji wa Sentinel-2, tarehe ya kuangaliwa kwanza ni 25 Januari 2022. Kuanzia siku hiyo utayarishaji wa data ulibadilishwa na kila pikseli (kiraka kidogo kabisa cha picha) ikaongezewa thamani ya 1000. Chukua mfano wa mkoko wenye afya, ambao bendi yake (aina ya mwanga inayopimwa) ya infraredi ya karibu ni 3000 na nyekundu ni 300: NDVI yake, yaani kielezo cha ukijani wa mimea, ni 0.82. Ongeza 1000 pande zote mbili bila kusahihisha na NDVI hushuka hadi 0.51, yaani msitu mzima umegeuka kichaka usiku mmoja bila jani kuanguka. Ndani ya Google Earth Engine dawa ni kutumia mkusanyo uliokwisha kulinganishwa, ambao jina lake lina neno HARMONIZED. Nje ya hapo, toa 1000 katika picha zote za tangu tarehe hiyo.

Kwa Landsat, kosa la namna hiyohiyo hutokea mtu anaposahau kuzidisha thamani za Mkusanyo wa 2 (Collection 2, toleo la data za Landsat) kwa 0.0000275 na kisha kutoa 0.2. Baada ya hapo angalia kama umechanganya picha zilizosahihishwa athari za angahewa na zisizosahihishwa, halafu kama umevuka kutoka Landsat 7 kwenda Landsat 8 bila kulinganisha bendi, kwa kuwa bendi ya infraredi ya karibu ya Landsat 8 ni nyembamba zaidi na huipandisha NDVI kidogo.

Mistari mitupu inayokatiza msitu kama mbavu ni Landsat 7 baada ya Mei 2003, kihisi chake kilipoharibika na kuacha takriban asilimia 22 ya kila picha bila data. Usiijaze kwa makisio ya pikseli za jirani kisha ukapima upotevu humo. Tumia Landsat 5 kwa miaka inayopatikana, au iache mistari ikiwa mitupu na uiseme kwenye ramani.

Kisababishi adimu, lakini chenye gharama, ni picha mbili zisizokaa sawa. Ukingo wa mikoko wenye urefu wa kilomita 1 ukisogea mita 10 kwa bahati mbaya huzalisha hekta nzima ya upotevu wa uongo, na vijito vyetu vina kilomita nyingi za ukingo. Utambue kosa hili kwa alama yake: upotevu upande mmoja wa kijito na ongezeko la upana uleule upande wa pili.

Dalili: matundu yanayofunguka na kuzibika ndani ya msitu

Hapa kisababishi ni wingu, au zaidi ya wingu, kivuli chake. Mikoko ina rangi nzito na ardhi yake imelowa, kwa hiyo kichujio cha mawingu huweza kuichukua kuwa kivuli na kuifuta, na wakati huohuo viwanja vyeupe vya chumvi vilivyo nyuma ya msitu hufutwa kwa kudhaniwa wingu. Fungua picha yenyewe kwa rangi za kawaida na uitazame kwa macho. Ni kazi ya dakika moja ambayo wengi huiruka.

Picha bora za mwaka ni za kaskazi, hasa Januari na Februari. Anga huwa safi zaidi, na vichaka vya nchi kavu huwa vimenyauka huku mikoko ikibaki kijani, jambo linalorahisisha kuvitofautisha. Epuka kujenga ramani ya mwaka juu ya picha za masika peke yake. Tundu linaloonekana katika picha tatu safi za miezi tofauti lichukuliwe kuwa la kweli. Lililoonekana mara moja lisiingie kwenye ripoti.

Rada ya Sentinel-1 hupenya wingu na wengi huikimbilia. Itumie kwa tahadhari, kwa maana maji yaliyo chini ya miti huongeza mwangwi wa rada, na bahari iliyochafuliwa na upepo wa kusi hung'aa kama ardhi. Asiyewahi kuisoma rada asiitumie kuamulia jambo.

Dalili: minazi, mpunga na vichaka vinahesabiwa kuwa mikoko

Kwanza ni sampuli za mafunzo, yaani mifano inayoifundisha programu kutambua mimea: ni chache, zimekusanywa mahali pamoja, au zote ni za mkoko mrefu wa kando ya kijito. Mikandaa mifupi na michu iliyodumaa (aina nyingine za mikoko) karibu na viwanja vya chumvi haifanani na mkoko huo hata kidogo, na ikikosa sampuli zake yenyewe itaangukia kundi la vichaka, huku minazi ikichukua nafasi yake.

Pili ni tarehe. Katika delta ya Rufiji, hasa upande wa kaskazini, mikoko imefyekwa kwa ajili ya mpunga, na mpunga uliosimama vizuri hufanana na mikoko michanga ukiutazama kwa picha moja. Utazame kwa mwaka mzima. Mpunga hupandwa, hukomaa, huvunwa na kuacha ardhi tupu. Mikoko hubaki pale pale. Shamba lililoachwa huvamiwa na magugu na mimea itambaayo, nayo pia si msitu.

Tatu ni kichujio cha mwinuko. Ni sahihi kuondoa kila kilicho juu ya kimo fulani, kwa kuwa mikoko haioti mlimani, lakini data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, haipimi ardhi chini ya miti. Inapima kimo kilicho karibu na vilele vyake. Ukiweka kikomo cha mita 10, unaweza kuifuta mikoko mirefu kuliko yote uliyo nayo na kubaki na ile mifupi. Weka kikomo cha juu zaidi na uache uainishaji ufanye kazi iliyobaki.

Dalili: wenyeji wanasema msitu unakatwa, ramani inasema uko salama

Dalili hii ndiyo inayostahili muda zaidi kuliko zote, na katika hali nyingi wenyeji ndio walio sahihi.

Ukataji wa miti ya kujengea haufyeki. Mkataji huingia ndani, huchagua mkoko au mkandaa ulionyooka wenye unene wa pau au boriti, na kuiacha miti iliyopinda na ile minene kupita kiasi. Ukingo unaotazama kijito mara nyingi huachwa kama pazia. Majani ya miti iliyobaki hujaza nafasi, na baada ya miaka michache kilichobaki ni msitu wa miti iliyopinda, usio na mbegu bora, ambao kutoka juu ni kijani kilekile. Pikseli moja ya Landsat ni mita za mraba 900, na kuondolewa kwa miti kadhaa ndani yake kunaweza kuisogeza NDVI kwa sehemu ndogo mno, ndani ya kiasi kinachosogezwa na unyevu wa siku hiyo. Tena NDVI hufika kikomo chake mapema katika msitu mzito, kwa hiyo haitofautishi msitu mzito na ule ulionyofolewa kidogo.

Ukaguzi wa kwanza haufanywi kwenye kompyuta. Uliza ni kijito gani, upande gani, na tangu lini. Mvuvi au mkusanyaji wa kaa atakuonyesha njia ya mtumbwi inayoishia ndani ya msitu. Kisha tafuta njia hiyo katika picha za Google Earth zenye pikseli ndogo, pamoja na sehemu za wazi ambako miti hurundikwa kabla ya kupakiwa.

Ukaguzi wa pili ni wa mpaka. Ramani za zamani za upimaji za Kenya na Tanzania zilitumia mfumo wa viwianishi (namba za kutaja mahali) wa Arc 1960, na mpaka ulionakiliwa kutoka humo ukiwekwa juu ya picha za WGS84, mfumo wa GPS, bila kubadilishwa husogea kwa takriban mita 300 kaskazini au kusini. Umbali huo unatosha kukufanya uchunguze msitu usio wenyewe, ukakuta hauna kasoro, na ukawaona wanakijiji kuwa wazushi.

Marekebisho mazito ni haya. Hama kutoka NDVI kwenda kwenye vielezo vinavyotumia infraredi ya mawimbi mafupi, kama NDMI, kwa kuwa hivyo huhisi unyevu wa majani na mwanga unaofika ardhini. Kumbuka tu kwamba bendi hizo za Sentinel-2 zina pikseli za mita 20, si 10, na kwamba nazo huathiriwa na kimo cha maji. Fuata kila pikseli kwa miaka kadhaa ya kaskazi badala ya kulinganisha mwaka na mwaka. Hatimaye ingia msituni na uhesabu visiki katika viwanja vya mita 10 kwa 10, ukiandika aina ya mti, unene wa kisiki, na kama ni kipya au cha zamani. GPS ya simu chini ya majani hukosea kwa mita kadhaa, hivyo kiwanja kimoja hakiwezi kuaminiwa kuwa kiko ndani ya pikseli moja. Panga viwanja vitatu au vinne karibukaribu na usome wastani wao. Visiki ndivyo vitakavyoamua, na picha zikipingana navyo, zifuate visiki.

*Tahadhari.* Ingia maji yakianza kupwa na utoke kabla hayajaanza kujaa, usiende peke yako, na katika Rufiji usishuke majini bila mwenyeji, kwa kuwa kuna mamba na viboko. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Usimkabili mkataji wala usichapishe ramani inayoelekeza kidole kwenye boma la mtu: ukataji mwingine una leseni, na usio nayo ni kazi ya mamlaka za misitu, KFS upande wa Kenya na TFS upande wa Tanzania Bara.

Dalili: ramani imekuwa kijani, msitu haujarudi, au msitu umepandwa na ramani haioni kitu

Kijani bila msitu mara nyingi ni magugu, mwani juu ya tope, au mvua nyingi za mwaka huo. Angalia kama kijani kinashuka wakati wa kaskazi. Angalia pia aina ya mti uliokatwa: kisiki cha mchu huchipua, hivyo kijani hurudi haraka bila mti mpya kuota, lakini mkoko uliokatwa shina kwa kawaida hauchipui tena.

Upande wa pili, miche iliyopandwa kwa umbali wa mita moja haitaonekana kwa miaka kadhaa, mpaka majani yagusane na kulifunika tope. Upandaji wa Gazi, kusini mwa Mombasa, ulianza miaka ya 1990, na leo sehemu zilizostawi ni msitu kamili. Kwa hiyo ramani isitumike kutangaza kwamba mradi wa mwaka juzi umefaulu au umeshindwa. Hesabu miche iliyo hai.

Kuna pia kufa kusiko na mkataji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mashapo mengi katika kijito cha Mwache, karibu na Mombasa, yakafunika mizizi ya kupumulia na kuiua mikoko ikiwa imesimama. Mililana ya Gazi nayo imeshambuliwa na wadudu watobozi wanaokausha matawi. Ukiona vielezo vikishuka polepole kwa miezi mingi bila sehemu ya wazi kuonekana, shuku mashapo, kuzibwa kwa maji au wadudu, na umwite mtaalamu wa misitu kabla ya kupanda chochote. Kupanda juu ya tope lililoua msitu wa kwanza ni kupoteza miche.

Dalili: hekta zako hazilingani na takwimu rasmi

Kagua kwanza namna ya kukokotoa eneo. Eneo lisikokotolewe kwa digrii. Tumia UTM 37 Kusini, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, unaotosha kwa pwani yote ya Kenya na ya Tanzania. Ramani zinazotumika kwenye mitandao huikuza dunia kadiri unavyoiacha ikweta, na Rufiji, karibu digrii 8 kusini, eneo hutiwa chumvi kwa takriban asilimia 2, kiasi kidogo kinachopita bila kugunduliwa.

Kisha kagua maana ya msitu. Mpango wa taifa wa Kenya wa 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271 za mikoko, asilimia 62 zikiwa Lamu. Data ya dunia ya Global Mangrove Watch ya 1996 hadi 2020 imetokana na rada yenye pikseli za takriban mita 25, ambayo huikosa mikanda myembamba ya kandokando ya vijito. Njia mbili tofauti hazipaswi kutoa namba moja, na kutolewa kwa namba mbili si ushahidi wa upotevu.

La mwisho ndilo zito. Ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 95 kila moja zinaweza kutofautiana hadi karibu asilimia 10 kwa makosa matupu. Kama upotevu halisi ni asilimia 1 kwa mwaka, kutoa ramani moja kwenye nyingine hakuwezi kuupima. Chagua nukta kwa bahati nasibu, nyingi zaidi katika maeneo yaliyoonyesha badiliko, zikague moja moja kwa macho katika picha za tarehe zote mbili, kisha ukadirie eneo kutokana na nukta hizo na uandike kiasi cha mashaka kando ya namba.

*Acha na uite mtaalamu* namba zinapokwenda mahakamani, kwenye mgogoro wa mpaka, au kwenye mkataba wa mauzo ya kaboni kama ule wa vikundi vya Gazi na Vanga, ambako ukaguzi hufanywa na watu wa nje. Mkabidhi orodha ya picha zote pamoja na tarehe, saa na kimo cha maji, mipaka ikiwa na jina la mfumo wake wa viwianishi, sampuli za mafunzo zikiwa zimetengwa na nukta za ukaguzi, na daftari la visiki kama lilivyoandikwa msituni, bila kusafishwa.